Bose wa Bengali, aliyekipa chuma masikio

Mkwiro, ncha ya kisiwa cha Wasini, hakuna chuma kinachoponea kutu. Chumvi ya bahari hula nanga na msumari wa dau, hula bawaba za milango, na mabati ya mapaa, ambayo ni tegemeo kubwa la kukinga maji ya mvua katika kisiwa kisicho na mto, hayakawii kugeuka rangi ya hina. Kwa mwenye nyumba, kutu ni hasara tupu. Kwa mjuzi wa mambo ya redio, kutu ina habari nyingine. Vyuma viwili vikigusana na katikati yao pana utando wa kutu, pahala hapo panaweza kuwa sikio, likanasa sauti iliyorushwa na mnara wa stesheni bila ya mtu yeyote kukusudia.

Msomaji asidhani hizi ni ngano za kulazia watoto. Watu wanaoishi chini ya minara yenye nguvu, katika nchi mbali mbali, wamepata kusikia seng'enge na mifereji ya mapaa ikitoa maneno au muziki. Mwaka wa 1944, katika vita vikuu vya pili, askari waliokwama katika mahandaki ya Anzio huko Italia walijiundia redio kwa wembe, risasi ya penseli, pini na waya uliozungushwa. Haikuwa na betri, na nyimbo walizipata. Mchekeshaji wa Marekani, Lucille Ball, naye alikuwa akihadithia kwamba meno yake yaliyozibwa kwa madini yalinasa mawimbi alipokuwa akiendesha gari mwaka wa 1942. Hiyo ya meno haijathibitishwa, na wataalamu wengi huitilia shaka. Ya wembe ni kweli, na mwenye subira anaweza kuijaribu nyumbani kwake.

Siri yenyewe mvuvi wa Mkwiro ataielewa upesi kuliko mtu wa mjini, kwa sababu yeye analijua lema. Wimbi la redio likipiga chuma chochote, huamsha ndani yake umeme mdogo mno unaokwenda na kurudi mara malaki kwa sekunde moja. Mwendo huo haufuatwi na sikio wala na chombo cha simu, kwa kuwa kila kinachokwenda hufutwa na kinachorudi. Lazima pawe na mlango unaopitisha upande mmoja na kuzuia upande wa pili, kama mdomo wa lema unavyomruhusu samaki kuingia na kumnyima njia ya kutoka. Utando wa kutu baina ya vyuma viwili waweza kuwa mlango huo. Kinachobaki hapo hupanda na kushuka kama ipandavyo na kushuka sauti ya msemaji, na kikikuta kitu chepesi cha kutikisa, sauti hutoka. Kwa hivyo yatakiwa mambo matatu: chuma cha kupokea, mlango wa upande mmoja, na kitu cha kutikisika. Kimoja kikikosekana, chuma ni bubu. Na mawimbi yenyewe lazima yawe na nguvu. Mtu wa kisiwani asikiaye bati likivuma usiku wa kusi, ajue kwanza kwamba ni upepo.

Aliyevipima vyuma kimoja kimoja, akajua kipi kinasikia na kipi ni kiziwi, hakutoka Ulaya. Alikuwa mwana wa Bengali, jina lake Jagadish Chandra Bose. Majahazi yetu yaliijua Bara Hindi tangu kale, yakatuletea nguo na mchele, lakini jina la mtu huyu halikupanda katika majahazi hayo. Wengi wetu tuliosikiliza redio maisha yetu yote hatujapata kulisikia.

MTOTO WA SKULI YA KIJIJI

Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 huko Mymensingh, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Baba yake, Bhagawan Chandra, alikuwa hakimu mdogo katika serikali ya Waingereza. Jamaa yao walikuwa wafuasi wa Brahmo Samaj, madhehebu yanayomwabudu Mungu mmoja na kukataa ibada ya masanamu.

Zama hizo, kila Mhindi mwenye cheo alipeleka mwanawe skuli ya Kiingereza, akaona fahari. Bhagawan Chandra alikataa. Alitaka mtoto aijue kwanza lugha ya mama yake na watu wake, akampeleka skuli ya Kibengali pamoja na watoto wa watu wa chini. Bose mwenyewe alisimulia baadaye, mwaka wa 1915, kwamba upande mmoja wa darasa alikaa na mtoto wa Mwislamu aliyekuwa mtumishi wa baba yake, na upande wa pili akakaa na mtoto wa mvuvi. Kutoka kwa wenziwe hao alisikia habari za ndege, za wanyama na za viumbe wa majini, na akaona kwamba hapo ndipo hamu yake ya kuchungua maumbile ilipoanza. Watoto hao walipomfuata nyumbani, mama yake aliwapa chakula wote bila ya kubagua.

Aliyekuwa akimbeba mabegani kumpeleka skuli alikuwa mtu aliyepata kuwa jambazi. Baba yake ndiye aliyemfunga, na alipotoka jela akakosa kazi, hakimu yule yule akamwajiri. Mtoto akakua akisikia visa vya mapigano na hatari kutoka kwa mtu ambaye wengine wangemfukuza mlangoni.

Baada ya hapo alipelekwa Calcutta, kwa mapadri wa St Xavier's, ambako padri mmoja Mbelgiji, Lafont, alimtia mapenzi ya elimu ya nguvu za maumbile. Mwaka wa 1880 alikwenda London kusoma udaktari. Homa aliyokwenda nayo kutoka kwao haikumwacha, akaiacha tiba na kuhamia Cambridge, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Lord Rayleigh, mtaalamu mashuhuri wa sauti na mwanga. Alipata shahada yake mwaka wa 1884.

MIAKA MITATU BILA MSHAHARA

Mwaka wa 1885 alirudi Calcutta, akapewa kazi ya ualimu katika Presidency College. Wakubwa wa elimu hawakuipenda habari hiyo, wakidai kwamba Mhindi hana akili ya elimu za upimaji. Kanuni ya wakati huo ilikuwa mwalimu Mhindi alipwe thuluthi mbili ya mshahara wa Mzungu. Yeye, kwa kuwa aliandikwa kazi ya muda, alikatiwa hata hiyo nusu yake.

Watu wengi tunajua lifanywalo hapo. Mtu hununa, hulalamika kwa wenziwe, na mwisho wa mwezi huenda kupokea. Bose hakununa wala hakupokea. Alifundisha kila siku kama ilivyompasa, na hundi ilipokuja aliirudisha. Akafanya hivyo kwa miaka mitatu, na wakati huo baba yake alikuwa na madeni mazito yaliyotokana na biashara zilizoanguka. Alioa mwaka wa 1887, akamwoa Abala Das, na bibi huyo akaingia katika nyumba isiyo na mshahara kwa ridhaa yake. Mwishowe wakubwa walishindwa. Walimwandika kazi ya kudumu na kumlipa mshahara kamili wa miaka yote iliyopita, naye akazitoa fedha hizo kulipa madeni ya baba yake.

Chuo hakikuwa na maabara ya kufanyia uchunguzi. Alijitengea chumba kidogo chenye eneo la futi 24 za mraba, akamchukua fundi bati wa mtaani asiyesoma, akamwelekeza, na wawili hao wakaanza kuunda vyombo ambavyo Ulaya yenyewe haikuwa navyo.

UNGA WA CHUMA NA ZEBAKI

Hapa inafaa turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1879 mtu mmoja jijini London, David Edward Hughes, aliona jambo la ajabu kwa bahati tu. Kila cheche ya umeme ilipotokea katika chombo chake kimoja, chombo kingine, kisichofungwa naye kwa waya wowote, kilitoa mlio. Ndani ya chombo hicho cha pili palikuwa na mahali pamoja vitu vilipogusana kwa ulegevu. Hughes alikichukua mkononi akatembea nacho barabarani, Great Portland Street, na mlio ulimfuata. Mwaka wa 1880 aliwaita wakuu wa Royal Society kuja kuona. Mmoja wao, Stokes, mjuzi mkubwa wa hesabu, akamwambia kwamba hapo hapana jambo jipya. Hughes alivunjika moyo, asichapishe neno, na habari ile ikafichika karibu miaka 20. Heshima ya kuyathibitisha mawimbi hayo ikaenda kwa Mjerumani, Hertz, aliyefanya kazi yake baina ya 1886 na 1888.

Mfaransa Branly alionyesha mwaka wa 1890 kwamba unga wa chuma ndani ya bomba la kioo haupitishi umeme vizuri, lakini cheche ikilipuka karibu, chembe zake hushikana na umeme ukapita. Mwingereza Lodge akakifanya kibomba hicho kuwa cha kupokelea mawimbi. Chombo kilikuwa na kasoro zake: kila kikisikia mara moja, lazima kigongwe ndipo chembe ziachane na kisikie tena, na katika hewa ya unyevu kama ya Bengali, au kama ya pwani yetu, kilikuwa hakiaminiki.

Bose alipozisoma habari hizo mwaka wa 1894 alijiuliza swali ambalo wengine walilipita: kitu gani hasa hutokea pale chuma kinapogusana na chuma? Aliuacha ule unga, akapanga springi ndogo za chuma cha pua zikigusana, na kuzibana kwa kipimo. Alifanya mawimbi mafupi mno, mengine ya urefu wa milimita 5 tu, ili yatoshe katika chumba chake. Ili kuyachunguza alitumia vitu vilivyokuwa karibu: nyuzi za jute zilizosokotwa, zile zile za magunia tunayotilia mchele, na kitabu cha ratiba za gari la moshi alichokitia karatasi za bati kila baada ya ukurasa.

Mwaka wa 1895, mjini Calcutta, aliwaonyesha watu kazi yake. Mawimbi yalitoka katika chumba kimoja, yakapita ukuta, yakapita hata mwilini mwa Naibu Gavana wa Bengali aliyekuwa amekaa njiani, na umbali wa futi 75 hivi yakapiga kengele na kulipua baruti. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha London kilimpa shahada ya udaktari wa sayansi, na Januari 1897 alisimama mbele ya wataalamu wa Royal Institution jijini London, akawafunza.

Aliendelea kuvipima vyuma kimoja baada ya kimoja, kama mpishi aonjavyo vikolezo. Mwaka wa 1899 alipeleka Royal Society habari za chombo ambacho hakikuhitaji kugongwa: chuma kinachogusa zebaki, kikisikilizwa kwa chombo cha simu. Kisha akaligeukia jiwe jeusi linalong'aa, liitwalo galena, lenye madini ya risasi ndani yake. Wasomaji wetu wanalijua bila ya kujua, kwani huko Uarabuni na Bara Hindi mara nyingi jiwe hilo ndilo lililosagwa likauzwa kuwa wanja, na kwa sababu ya risasi hiyo si zuri kwa macho ya watoto. Bose alivumbua kwamba galena ikiguswa na chuma hupokea mawimbi. Redio za mwanzo za majumbani, kabla ya zile za taa, zilisikia kwa kijiwe cha namna hiyo na ncha ya waya.

ASIYETAKA KUUZA

Hapa ndipo jina lake lilipopotea, na si kwa bahati mbaya tupu. Bose aliona kwamba elimu aliyoipata haikuwa mali yake ya kufungia kasha. Watu wa biashara walimwendea akiwa Uingereza, wakataka kununua siri za vyombo vyake, akawakatalia. Alivieleza vyombo vyake hadharani, kila mwenye macho akaona. Marafiki zake wawili, bibi wa Kimarekani Sara Bull na yule Mwairish aliyejulikana kwa jina la Sister Nivedita, walimshika sana mpaka akakubali kuomba hati ya uvumbuzi wa chombo cha galena. Maombi yalipelekwa Marekani mwaka wa 1901 na hati ikatolewa tarehe 29 Machi 1904, nambari 755,840. Yeye mwenyewe hakuishughulikia tena, wala hakuichumia fedha.

Mwezi wa Desemba 1901, Guglielmo Marconi alitangaza kwamba amepokea Newfoundland mawimbi yaliyotumwa kutoka Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Miongoni mwa vyombo alivyovitumia palikuwa na kimoja cha zebaki na chuma, alichopewa na rafiki yake wa jeshi la majini la Italia. Ugomvi ukazuka Italia kwenyewe juu ya nani hasa mwenye kukivumbua. Mwaka wa 1998 jarida la chama cha mainjinia wa umeme, chenye makao yake Marekani, lilichapisha uchunguzi uliokifuata chombo hicho nyuma mpaka kwenye maandishi ya Bose ya 1899. Marconi alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1909, akigawana na Mjerumani Braun. Bose hakutajwa. Mwaka wa 2012 chama hicho cha mainjinia kiliweka kumbukumbu Calcutta, mji uitwao sasa Kolkata, kuitukuza kazi yake.

Haki inataka tuseme pande zote. Marconi hakuwa mwizi wa usiku. Alikuwa mtu wa bidii aliyejenga minara, akatafuta fedha, akaifanya simu ya upepo kuwa kazi ya dunia nzima. Bose hakutaka kufanya hayo. Lakini mwenye kujenga nyumba na mwenye kuchonga mlango si mtu mmoja, na si haki mwenye nyumba kuandikiwa na mlango.

CHUMA KINACHOCHOKA

Katika kuvipima vyuma vyake, Bose aliona jambo lililompeleka njia nyingine. Chombo kikitumiwa mfululizo huanza kuwa kizito wa kusikia, kikipumzishwa hurudi. Akafananisha michoro ya chuma kilichochoka na ile ya msuli uliochoka, akaiona inashabihiana. Mwaka wa 1901 alisoma habari hizo mbele ya Royal Society. Mkuu mmoja wa elimu ya miili, Burdon-Sanderson, akasimama kumpinga, na maandishi yale yakawekwa kando yasichapishwe.

Hughes, miaka 21 nyuma, alipoambiwa vivyo alikunja vyombo vyake akaenda zake. Bose alibaki London, akarudia majaribio mbele ya wengine, na mwaka wa 1902 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kisha akaigeukia mimea, akaunda vyombo vya kuonyesha namna mmea unavyokua na unavyoitika ukiguswa. Si yote aliyoyadai yaliyokubaliwa. Wataalamu hawakukubali kwamba chuma kina uhai, lakini kwamba mimea hupitisha ishara za umeme ni jambo linalojulikana leo. Sisi tuliolelewa katika imani kwamba kila kilichoumbwa kina namna yake ya kumtukuza Muumba, na ambao Msahafu wetu una sura nzima iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma, hatuna haja ya kushtuka mtu akikisikiliza chuma kwa adabu, hata kama hatutafika naye alikofika.

Waingereza walimpa cheo cha Sir mwaka wa 1917. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, siku aliyotimiza miaka 59, alifungua Calcutta chuo chake cha uchunguzi, akitumia akiba yake na michango ya watu, na akaweka sharti kwamba uvumbuzi wake uwe wa watu wote. Mwaka wa 1920 Royal Society, ile ile iliyomkatalia, ikamfanya mmoja wao. Alifariki Giridih tarehe 23 Novemba 1937, zimebaki siku saba atimize miaka 79. Hakuacha mtoto. Chuo chake kingali kikifanya kazi.

Wazee wa pwani waliosikiliza Sauti ya Mvita na Sauti ya Unguja kabla ya uhuru hawakuwa na haja ya kumjua. Vijana wa leo wana haja. Siku hizi kila mmoja ana simu mfukoni, na wataalamu wamerudi kwenye mawimbi yale yale ya milimita aliyoyachezea Bose katika chumba chake kidogo. Kijana wa Mkwiro akiambiwa kwamba elimu hiyo ilizaliwa mbali na watu wa namna yake, ajue kwamba mmoja wa waliyoizaa alisoma kwa lugha ya mama yake, akakaa ubao mmoja na mtoto wa mvuvi, na fundi wake alikuwa mgonga bati wa mtaani.

Na sisi wenye umri tujiulize letu. Mafundi wa dau wa Wasini, manahodha waliosoma nyota, wajuzi wa dawa za mitishamba, wengi waliitoa elimu yao bure kama Bose. Tofauti ni kwamba yeye aliiandika, kwa tarehe na kwa vipimo, na ndiyo sababu miaka 99 baadaye mtu aliweza kufungua karatasi na kumrudishia haki yake. Elimu iliyotolewa bure bila kuandikwa, mwenyewe akifa, haina pa kufuatwa. Aliye na babu mwenye kujua kitu, na babu angali hai, achukue daftari leo.